Habari za Kusimama Njiani

Kama umewahi kununua kikapu kule Lodwar, vile vikapu vya majani ya mkoma vinavyosukwa na akina mama wa Kakuma, huenda ulikuta kadi ndogo imefungwa kwa uzi kwenye mkono wake. Kadi yenyewe haizidi kiganja. Ndani yake kuna maneno machache ya huyo aliyekisuka. Kuna watu huisoma palepale dukani na kucheka, kuna wengine huitia mfukoni wakaenda nayo. Wengi hudhani kila mama ameandika yake. Sivyo. Maneno ni yetu sisi wasukaji, lakini aliyeyapunguza mpaka yakaenea pale ni mtu mmoja, na jina lake haliko kwenye kadi yoyote. Anaitwa Namuria.

Ni mwanamke mrefu, shingo yake ndefu, na ana sauti ndogo ambayo lazima usogee ndipo uisikie. Nyumba yake ni ya mabati, iko upande wa mji, karibu na laga, ule mto wetu ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu na siku moja ni maji ya kubeba gari. Tunasali naye jumuiya moja. Akiambiwa aombe, anaomba kidogo tu na kukaa, hata wale waliofumba macho hawajajiweka sawa. Padri alishawahi kutania kwamba Mungu huenda anapenda sana maombi ya Namuria, kwa kuwa hayamcheleweshi.

Hiyo tabia hakuipata kanisani. Aliipata Lopur, kule alikokulia, kwa mbuzi wa baba yake.

Kwetu watu wakikutana njiani hawapitani hivi hivi. Mnasalimiana kwanza, ejok, ejok, halafu mnapeana habari. Umelala wapi? Umepita wapi? Umekutana na nani? Huko ulikotoka kuna nyasi? Kuna maji? Yeyote ana haki ya kuuliza, na aliyeulizwa lazima ajibu, maana habari ya mwenzako ndiyo itakayokuponya wewe na mifugo yako. Lakini habari hizo mnapeana mkiwa mmesimama, jua liko utosini, na mbuzi hawajui kwamba wewe una maongezi. Wao wanaendelea kutembea.

Basi Namuria akiwa bado msichana mdogo, anachunga, alikutana na mzee mmoja anayeswaga mbuzi wengi. Mzee akamwuliza habari za mbele. Namuria, kwa furaha ya kuulizwa na mtu mkubwa, akaanza tangu alfajiri. Akaeleza jinsi mbwa wao alivyobweka, na kaka yake alivyokataa kuamka, na mama alivyosema, na walivyogombania maziwa. Alipofika pale pa kusema kwamba kisima cha mbele kimekauka, mbuzi wa mzee walikuwa wameshapita zamani, wanakimbilia kisima hichohicho. Mzee wa watu akatimua mbio kwenye kokoto na fimbo yake, akiita.

Habari ikamfikia Nangiro, baba yake. Hakumpiga. Alimtwisha kibuyu cha maziwa kichwani, kimejaa, akamwambia asimame hapo ampe zile habari upya. Kila alipoanza na mbwa, baba alisema, rudia. Alipoanza na kaka, rudia. Shingo ikauma. Mwishoni akasema kisima kimekauka, kisha akanyamaza. Baba akamtua kibuyu, akampa maziwa yaleyale anywe.

Hadithi hiyo ametuambia mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, na kila mara inakuwa fupi kuliko ya juzi. Nadhani siku moja ataisema kwa kutikisa kichwa tu.

Shule alisoma ya msingi, na hakuimaliza. Kiangazi kimoja kikubwa kilichukua mbuzi, kikamchukua na Nangiro mwenyewe, Mungu amrehemu, naye akaja Kakuma na mama yake wakawa wanauza kuni. Akaolewa hapa, akazaa hapa, akafiwa na mume hapa. Kusuka alijifunza ukubwani, na niseme ukweli, si msukaji mzuri. Vikapu vyake vinainama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Tulikuwa tunamwambia hivyo, naye anajibu kwamba kikapu chake kina adabu.

Sasa hizi kadi zilikuja hivi. Mnunuzi wetu ni Reuben, kijana wa Lodwar mwenye duka la vitu vya kienyeji, mchangamfu, mpenda watu. Yeye ndiye anayepeleka vikapu kule Eliye Springs, ziwani, kwenye nyumba za wageni. Akatuambia wageni wanashika kikapu, wanakigeuza, wanauliza, nani alikisuka? Hawataki jina peke yake, wanataka mtu. Tukamwomba katibu wetu, binti mzuri aliyemaliza sekondari, atuandikie. Akaandika kwa bidii, pande mbili za karatasi kwa kila mama, akianza na mahali ulipozaliwa na majina ya wazazi. Zikaenda Eliye. Zikarudi. Reuben akasema kwa upole kwamba wageni wanazitumia kufutia miwani. Yule binti akacheka mwenyewe, akasema hata yeye alisinzia akiandika ya sita.

Namuria akaziomba zile karatasi. Akazisoma zote, midomo ikitembea, kisha akauliza kama anaweza kujaribu.

Kesho yake tulimkuta ameweka mtungi wa maji katikati ya kivuli tunaposukia. Mtungi mkubwa, ule wa manjano, umejaa mpaka shingoni. Akamwita Aregae, ambaye ndiye mwongeaji wetu, mtu anayeweza kukueleza safari ya kwenda dukani ukapikia humo maharagwe yakaiva. Akamwambia ajitwike mtungi, asimame, atoe habari ya kikapu chake.

Aregae akajitwika. Akaanza na ndoa yake. Akaingia kwa shemeji, akatoka kwa shemeji, akafika kwa mbuzi aliyepewa na mama yake siku ya kuolewa, akarudi tena kwa shemeji. Sisi tunacheka. Mama mmoja akamwambia, "Aregae, huyo shemeji mzito, mshushe." Jasho likaanza kumtoka. Akamwacha shemeji. Akaacha na ndoa. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Huyo mbuzi alikufa. Nikabaki na kengele. Sasa namvisha mjukuu, kwa sababu anapotea potea. Nitue."

Namuria akamtua. Akaandika. Ile kadi naikumbuka mpaka leo:

*Niliolewa nikiwa na mbuzi mmoja wa mama. Kiangazi kilimchukua. Kengele yake sasa anaivaa mjukuu wangu, maana naye hupenda kupotea.*

Aregae akaisikia ikisomwa, akashika shavu, akauliza kama kweli hayo ameyasema yeye.

Tangu siku ile ndiyo ikawa kazi ya Namuria. Tukampa jina, karani wa mtungi, naye akalipokea. Kila mama alisimama kwa zamu yake. Wengine walitoa la kuchekesha. Mama mmoja alipata hii: *Mume wangu alisema kikapu changu ni kibaya. Ndicho anachobebea samaki wake kutoka Kalokol.* Mwingine: *Nilikuwa naimba nikisuka. Hapo mstari ulipopinda, ndipo niliposahau wimbo.* Wageni wakawa wanatafuta mstari uliopinda. Reuben alituambia mgeni mmoja alirudisha kikapu kwa sababu mistari yote ilikuwa imenyooka.

Ukimwuliza Namuria anafanyaje, hana maneno mengi. Anauliza tu, kisima kiko wapi. Maana yake, katika hayo yote unayosema, ni lipi mtu akilikosa atapata hasara? Hilo ndilo la kuandika. Mbwa na kaka waachie wenyewe. Na jambo jingine, hapendi kumwambia msomaji ahuzunike. Maneno kama maskini, mateso, taabu, alikuwa anayafuta hata kama wewe mwenyewe uliyasema ukilia. Anasema kama kengele ya mbuzi haikukuumiza, neno taabu halitakusaidia. Mimi nilifikiri sana juu ya hilo. Hata Bwana wetu alipofundisha hakuwachosha watu. Alitupa mbegu chache akaondoka, aliyeelewa akaelewa.

Reuben hapo hakukubaliana naye sana. Alikuwa anasema, "Mama, wageni wakisikia habari za njaa wanafungua mkono." Namuria anamjibu kwamba wakifungua mkono kwa ajili ya njaa, kikapu watakisahau kwenye gari. Wanabishana hivyo, lakini kwa heshima, na mwisho Reuben anachukua kadi jinsi zilivyo.

Halafu akaja Akuch.

Akuch alitoka upande wa kambi ya wakimbizi. Ni mtu wa Sudan Kusini, makamo yetu, mweusi wa kung'aa, na mistari kwenye paji la uso. Amekaa kambini miaka mingi. Binti yake, Aluong, aliondoka akiwa msichana, akapelekwa nchi ya baridi pamoja na shangazi yake, na Akuch alikuwa anangoja faili lake likubaliwe amfuate. Kuja kusuka na sisi ilikuwa njia ya kungoja.

Ninyi mliosuka mtanielewa nikisema alikuwa na mikono ya sala. Sisi vikapu vyetu ni vya kubebea. Vyake vilikuwa vikubwa, mdomo mpana, na kuna mchoro uliopanda kama pembe za ng'ombe zinazokutana juu. Alisema mchoro ni wa mama yake. Mama yake hakuacha kitu kingine, hata nguo, hata picha. Akikisuka alikuwa anajua mama alipita pale.

Mwaka ule Eliye waliagiza vikapu vikubwa vya kuweka kwenye vyumba vya wageni, na Reuben alipoona cha Akuch akakizunguka kama mtu anayenunua ngamia. Akasema hicho ndicho kitaongoza. Akauliza kadi yake iko wapi.

Akuch akasema hataki kadi.

Reuben akaeleza kwamba Eliye hawapokei bila kadi, wageni wameshazoea. Kama hataki yake, basi kikapu kiende na kadi ya mama mwingine. Hapo Akuch akakishika kikapu kwa mikono miwili. "Jina ya mtu mwingine, hapana," alisema. "Hii ya mama yangu." Akakaa chini nacho.

Sisi tulidhani anaona haya. Namuria alidhani hivyo pia. Akasema tumpe siku chache, kisha yeye ataongea naye. Na siku zilipopita, akafanya kama alivyotufanyia sisi wote. Alimwita kivulini, akamsaidia kujitwika mtungi, akamsalimia, akamwuliza kwa upole, kwa desturi yetu ileile: Umelala wapi? Umepita wapi? Umekutana na nani?

Sitasahau jinsi uso wa Akuch ulivyobadilika. Ulikuwa kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kufanya kelele. Akasimama wima. Akaanza kusema, na sauti haikuwa yake. Alitaja jina lake lote, la baba, la babu. Alitaja kijiji, na wilaya, na mwaka, na mwezi. Alitaja walivyolala porini, na mto waliouvuka, na nani alivuka na nani hakuvuka, mmoja mmoja, kwa majina. Alisema yote kwa mpangilio, bila kulia, kama mtoto anayesoma ubaoni. Tulingoja uzito wa mtungi umfanye aache mbwa na kaka. Hakuacha. Shingo ikaanza kutetemeka, maji yakawa yanamwagika kwenye bega, naye bado anasema. Alipokosea siku moja ya safari alirudi nyuma, akairekebisha, akaendelea.

Namuria akainuka akamtua mtungi kwa mikono yake mwenyewe. Akuch hakunyamaza mpaka alipomaliza.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Mama mmoja alianza wimbo wa kanisa taratibu, tukaufuata, tukarudi kwenye vikapu.

Baadaye, tulipokuwa tunakunja mikeka, Akuch mwenyewe ndiye aliyeeleza. Alisema zile ni habari za ofisini, kule wanakokagua faili za wakimbizi. Kila anapoitwa anaulizwa hivyohivyo, umetoka wapi, umepita wapi, ulikuwa na nani, na lazima ziwe zilezile kama mara ya kwanza. Jirani yake kambini aliacha mtu mmoja nje ya hadithi, kwa kuchoka tu, na faili lake likakwama, wakasema amebadilisha maneno. Kwa hiyo yeye hapunguzi. Alikuwa ameitwa tena, mahojiano ya mwisho, baada ya sikukuu. Kadi ndogo yenye jina lake ikizunguka mikononi mwa wazungu, imebeba habari nusu, ikifika kwa mtu wa ofisi, itakuwaje? "Nyinyi mkiacha, ni hadithi nzuri," alisema. "Mimi nikiacha, ni uongo."

Namuria alikuwa amekaa na mtungi mtupu miguuni. Nilitembea naye kwenda nyumbani, na njia nzima alisema jambo moja tu, kwamba yeye alijua mbuzi hawasubiri, lakini hakuwahi kufikiri kuna mtu ambaye mbuzi wake ni watu wa ofisi, wanaomsubiri mlangoni na karatasi mkononi.

Siku zikapita. Reuben akapiga simu kwamba gari litakuja kuchukua vikapu vya Eliye. Vya kwetu vilikuwa tayari na kadi zake. Cha Akuch kilikuwa pembeni, kimefunikwa leso.

Siku moja kabla ya gari, Namuria alikuja akakaa chini mkabala na Akuch. Alikaa kabisa, miguu ameinyoosha. Tukatazamana, maana hatujawahi kumwona akichukua habari amekaa. Hakuleta mtungi. Alichukua kikapu chake kinachoinama akawa anakisuka vibaya kama kawaida, na Akuch akavumilia kidogo, kisha akakichukua akaanza kumnyooshea. Wakakaa hivyo.

Namuria akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Ofisini walikuuliza kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na mama yako wamemwandika?"

"Wameandika jina. Wameandika alikufa, na mwaka, na mahali."

Namuria akauliza, "Walikuuliza alikuwa anacheka vipi?"

Akuch aliacha kusuka. Kwa muda hatukujua kama amekasirika. Akatazama kile kikapu kilichofunikwa leso, akakivuta, akakiinua mbele ya uso mpaka tukaona macho tu. Na nyuma ya kikapu tukasikia anacheka. Kicheko kidogo, cha kujizuia, kama cha msichana kanisani. Alipokishusha machozi yalikuwa yanatoka, lakini bado anacheka, na sisi tukaanza kucheka bila kujua sababu.

Ndipo akasema. Kwao, alisema, mwanamke aliyeolewa hana ruhusa ya kucheka ovyo mbele ya wakwe. Anatakiwa atulie, aangalie chini. Na mama yake alikuwa mtu wa kucheka, Mungu alimwumba hivyo. Mkwe akipiga chafya, anacheka. Jogoo akianguka, anacheka. Basi alikuwa anakaa na kikapu anachosuka, kicheko kikimshika anakiinua kikapu mbele ya uso, kama anakagua mishono. Wakwe walimsifu kila mahali kwamba mke huyu anakagua kazi yake sana. Kadiri miaka ilivyokwenda, vikapu vikazidi kuwa vikubwa.

Aregae alilala chini kabisa, ameshika mbavu.

Namuria hakuandika hapohapo. Alimwuliza Akuch kama hayo yamo kwenye faili. Akuch akasema hayamo, hakuna aliyeyauliza. Akamwuliza kama yanagombana na lolote lililomo. Akuch akafikiri sana. Nilimwona anapita ndani ya kichwa chake, mto, pori, majina, akirudi mwanzo. Akasema hayagombani. Mama yule ni mama huyohuyo.

"Basi hapa hatukuacha kitu," Namuria alisema. "Hii ni habari nyingine."

Aliandika kwa herufi zake kubwa za shule ya msingi, akamsomea:

*Mke hakuruhusiwa kucheka mbele ya wakwe. Mama yangu alijificha nyuma ya kikapu. Ndiyo maana kwetu tunasuka vikubwa. — Akuch*

Akuch akaomba alale nayo. Alisema anataka kuiombea na kuiweka mbele ya macho yake asubuhi, aone kama bado anaitaka. Namuria akampa.

Asubuhi gari la Reuben lilikuwa limeshasimama na vikapu vinapakiwa. Tulikuwa tunatazama njia ya kambi. Aregae, ambaye hawezi kukaa kimya, alikuwa anamsimulia dereva habari za shemeji yake ili asiondoke, na kwa mara ya kwanza tukamshukuru Mungu kwa yule shemeji. Akuch akaja, hakukimbia, amevaa nguo ya kanisani. Akafungua leso, akafunga kadi mwenyewe kwenye mkono wa kikapu, akalikaza fundo mara mbili.

Reuben akaisoma. Akatabasamu, kisha akakuna kichwa. Akasema ni nzuri, lakini mgeni hatajua huyu mama ni mkimbizi. Neno moja tu likiongezwa, mkimbizi, kikapu kitaenda mbali. Akatoa kalamu mfukoni, kwa nia njema kabisa.

Namuria akaweka mkono juu ya kadi. Hakupandisha sauti, maana hana ya kupandisha.

"Hilo neno liko ofisini, baba," alimwambia. "Limeandikwa kila ukurasa. Hapa acha mama yake acheke."

Reuben akamtazama Akuch. Akuch alikuwa ameangalia chini, kama mke mbele ya wakwe, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Reuben naye ni mtoto wa watu. Akarudisha kalamu, akakipakia kikapu kwa mikono yake, mbele, karibu na dereva.

Sikukuu ilipita. Siku ya mahojiano Akuch aliondoka mapema, na sisi tulifunga tukamwombea, Wakristo wote pale kivulini, na hata Samsam, mama wa Kisomali anayetuuzia rangi, akasema naye atamwombea kwa dua yake. Namuria hakukaa. Alisema anakwenda laga kuchota maji. Maji yalikuwepo nyumbani, lakini hatukumwuliza.

Mimi nilimfuata baada ya muda, kwa hiyo niliona. Akuch alikuwa anakuja kwenye mchanga kutoka upande wa ofisi, na mzigo wa kuni kichwani alioununua njiani, kana kwamba ametoka tu sokoni. Namuria alikuwa anatoka kwenye kisima cha mchanga na mtungi wake. Wakakutana katikati ya laga, jua kali, wote wawili wamebeba. Hakuna aliyetua.

"Ejok," alisema Namuria.

"Ejok," alisema Akuch.

Namuria akauliza, umetoka wapi? Aliuliza taratibu sana. Ningeweza kuhesabu chembe za mchanga.

"Nimesema yote, kama siku zote," Akuch alimjibu. "Mwisho wakauliza kama kuna la kuongeza. Nikasema hakuna. Ile ya mama ni yangu."

Kisha akaweka kuni sawa kichwani akaendelea na safari yake. Namuria hakumshika kwa maswali. Alisimama kidogo, akaanza kutembea kuja kwangu, na aliponifikia aliniambia kwamba Akuch sasa anajua kutoa habari.

Reuben alitupigia simu baadaye. Kikapu kile kiliwekwa Eliye kwenye chumba cha kwanza, na mama anayefagia vyumba humkuta mgeni mmoja mmoja amekiinua mbele ya uso anajaribu kucheka nacho. Akuch aliposikia aliuliza kama wanajificha vizuri. Na juu ya faili, hakuna aliyemwuliza habari za kadi. Jina lake lilibandikwa kati ya wanaoitwa kupimwa afya, ambayo huko kambini watu wanajua maana yake, kwamba safari imekaribia. Bado hajaondoka. Anasuka, anangoja, na kikapu anachokisuka sasa ni kikubwa kuliko vyote, kwa sababu anasema huko kwa Aluong kuna baridi, na huenda watu wa huko hawacheki ovyo.

Cha Namuria bado kinainama.